Salamu kwa Mama wa Ngari

Mikinduri,
4 Agosti 1974

Kwa ndugu yangu mpendwa Mutembei,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetushika mpaka kwenye mifupa. Mume wangu Murithi anakusalimu. Mguu wake umepona na sasa hana tena kisingizio cha kutolima. Yule ng'ombe mwekundu alizaa Jumatano, ndama jike, lakini kondo ya nyuma ilikataa kutoka siku mbili na sote tulikuwa madaktari. Watoto wangu wa darasa la pili wanaendelea, isipokuwa wale wasioendelea. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, ili upate mazoezi ya kuwahubiria watu wa Embu, lakini ujue nikikiandika najiona nimesimama mbele ya ubao.

Mama anawasalimu wewe, mke wako Kanana na watoto. Pia anasema umsalimie mama wa Ngari, yule anayeuza ndizi katika soko lenu la Karurumo. Tangu uhamishiwe huko Januari, hii ni mara ya nne naandika salamu za huyo mama, na wewe hujasema kama zimefika. Mimi simjui. Nikimuuliza Mama, ananiambia, "Wewe andika tu."

Sasa jambo lenyewe. Ile Jumapili ya mavuno ulipokuja kutuhubiria, kanisa lilijaa mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Ulihubiri vizuri, sitakunyima sifa yako. Halafu ukafumba macho kuomba, na wewe ukifumba macho tunajua chakula kitapoa. Katikati ya maombi hayo Mama aliinuka na kikapu chake cha njahi, yale maharagwe yetu meusi, na yule kuku wake mweupe, akaviweka mbele ya meza ya Bwana, akageuka, akatoka nje. Nilikuwa nimefungua jicho moja, Mungu anisamehe, nikamwona. Nilidhani anaenda chooni. Wewe uliondoka na gari la mchungaji baada ya kula, hata hukujua.

Mama hajarudi kanisani mpaka leo. Leo ilikuwa Meza ya Bwana, naye amekaa nyumbani akichambua maharagwe. Nikimuuliza, anasema, "Nitarudi nikimaliza." Amalize nini? Hasemi. Mzee Thuranira na wazee wenzake wa kanisa wameanza kunong'ona. Mama hajawahi kukosa Meza tangu mimi nimekuwa na akili, na naogopa, Mutembei. Tafadhali jibu upesi.

Dada yako,
Kathure

*

Karurumo,
29 Agosti 1974

Dada mpendwa Kathure,

Bwana asifiwe. Sisi ni wazima. Nisamehe kwa kuchelewa. Nina darasa la ubatizo, kwaya mbili zinazogombana, na mazishi yasiyokwisha.

Dada, usikasirike nikikuambia ukweli kwa upendo. Barua yako ilinikuta mlangoni nikienda darasani, na ukurasa mzima wa kwanza ni ng'ombe na salamu. Mimi ni mtu wa kazi nyingi. Siku hizi nikipata barua naanzia panapoandikwa "sasa jambo lenyewe". Ungeanzia hapo na wewe, ungeokoa wino.

Kuhusu Mama, nimelitafakari. Nadhani aliudhika kwamba kuku wake hakutajwa wakati wa shukrani. Wazee wanakuwa hivyo. Au ni kupoa kwa imani, ambako kunaweza kumpata yeyote. Dawa ni moja. Mwambie mzee Thuranira aende na akina mama wa umoja wa kanisa wakamwombee hapo hapo nyumbani, tena wasichoke. Mimi nitaomba kutoka huku. Mwambie Mama mwanawe anamwombea kila siku kabla ya chai.

Ndugu yako katika Bwana,
Mwinjilisti Mutembei

*

Mikinduri,
22 Septemba 1974

Mwinjilisti Mutembei,

Mama ni mzima. Wazee walikuja mara tatu. Waliomba. Mama hakurudi kanisani. Wamesema asiporudi kufikia Krismasi jina lake litafutwa kwenye kitabu cha washiriki, na akina mama watakuja kuchukua kitambaa chake cha kichwa cha umoja. Ng'ombe amepona.

Mama alinipa salamu za kuandika. Nimeziacha, niokoe wino.

Kathure

*

Karurumo,
10 Oktoba 1974

Dada mpendwa,

Umeniandikia kama mtu anayepeleka simu ya posta. Sawa, nimeelewa umekasirika. Lakini kufuta jina la Mama! Mama aliyetufundisha kuomba kabla hatujajua kuvaa viatu! Mchungaji mkuu alinipitia juzi akaniuliza, "Ni kweli mama yako amerudi nyuma?" Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nawahubiria watu wa Embu na nyumba yangu inavuja.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya Mama mwenyewe. Ina kurasa sita na mafungu kumi na manne ya Maandiko. Msomee polepole, asikose hata moja. Kama kuna lililomkwaza, mafungu hayo yatalifikia.

Niandikie tena kama zamani. Nakuomba.

Mutembei

*

Mikinduri,
3 Novemba 1974

Mutembei,

Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yako magotini. Murithi anakusalimu. Hayo yatosha, maana leo nina hasira na wewe, na nusu ya hasira ni juu yangu mimi mwenyewe.

Nilimsomea Mama barua yako. Alisikiliza kurasa zote sita, mikono mapajani. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu. "Amesema lolote kuhusu salamu zangu?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi amekataa," akainuka akaenda kufungia mbuzi. Nilimwona anafuta uso kwa ncha ya leso. Nikajiuliza, nani amekataa?

Nikakumbuka jinsi wazee walivyokuja. Mara ya kwanza Thuranira alimuuliza, "Mama Peninah, shida ni nini?" Mama akaanza, "Mwaka ule wa nzige, mimi na mdogo wangu..." Thuranira akasema, "Wacha tuombe kwanza." Wakaomba, wakaimba, wakanywa chai, wakaenda. Mara ya pili, mwaka wa nzige, tuombe. Mara ya tatu hivyo hivyo. Wakatoka wakisema akili ya mzee imerudi utotoni. Nami nilikuwa jikoni nikiona ni kweli, maana nani anaulizwa habari za kanisa akajibu kwa nzige?

Basi Ijumaa, kwa kuwa shule imefungwa, nilikaa naye tukapukuchua maharagwe na nikajiapia sitafungua mdomo. Akaanza na nzige. Akapita kwenye njaa, kwenye mazishi ya babu, kwenye mbuzi mmoja aliyeibwa ambaye sijui aliingiaje. Mara kumi nilitaka kusema "sasa jambo lenyewe". Niliuma ulimi. Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba alipofika.

Mama alikuwa na mdogo wake, Karimi. Mimi niliambiwa zamani kwamba alipotea, nikadhani amekufa. Hakufa. Alienda kuolewa Embu bila kanisa, wakati Mama ndiyo kwanza ameokoka na moto wake uko juu. Mama aliapa hatasalimiana na dada anayeishi dhambini. Mwaka 1949 Karimi alikuja, kwa lori la mbao mpaka Meru na kwa miguu mpaka hapa, na mtoto mchanga mgongoni. Akabisha hodi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alifunga komeo, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote, asije akasikia anachoambiwa. Karimi alikuwa anasema neno pale nje, na Mama akimaliza ubeti anaanza mwingine, mpaka nje pakawa kimya.

Mutembei, mimi nakumbuka siku hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliniambia, "Imba kwa nguvu!" nikaimba, na wewe mwenye miaka minne ukapiga debe kwa kijiko. Siku zote nimeikumbuka kama siku ya furaha.

Sasa ujue ulihubiri nini ile Jumapili ya mavuno, maana naona umesahau. Ulihubiri lile neno la Bwana, kwamba ukileta sadaka na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, uende kwanza ukapatane naye, ndipo urudi uitoe. Sisi tulisema amina. Mama alilisikia. Akaacha sadaka, akatoka.

Yule mtoto wa mgongoni anaitwa Ngari. Mama alijua kutoka kwa Rahema, yule mama wa leso anayezunguka masoko mpaka Embu, kwamba dada yake yuko hai na anauza ndizi Karurumo. Ulipohamishiwa huko alifurahi sana, akaanza kutuma salamu, kidogo kidogo, aone kama zitajibiwa. Baada ya mahubiri yako akawa hana raha mpaka zijibiwe. Miguu yake haifiki huko, na anaogopa kufungiwa mlango kama alivyofunga yeye. Miezi kumi anangoja jibu la salamu ambazo hukuzisoma. Anaamini dada yake amekataa kumsamehe. Na Rahema amesema mwezi wa tisa mama wa Ngari alilazwa kwa ajili ya kifua.

Mimi nilidhani naandika adabu tu. Wewe uliziruka. Sasa fanya haraka.

Kathure

*

Karurumo,
17 Novemba 1974

Dada yangu mpendwa Kathure,

Salamu kwako, kwa Murithi, kwa watoto wako na kwa ndama, ambaye sijauliza jina lake. Kanana anakusalimu. Amesoma barua yako akaniambia, "Sasa umepata mhubiri." Nimestahili.

Kwanza, ondoa hofu. Yuko hai. Kifua kimepona, na ana sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya barabara.

Dada, mimi namjua mama wa Ngari. Anakaa benchi la mwisho kanisani kwangu, karibu na mlango, kila Jumapili. Mwezi wa pili alinifuata baada ya ibada akaanza, "Mwalimu, mimi nimezaliwa huko kwenu, na mwaka ule wa nzige..." Niliona watu wananingoja. Nikamshika mkono, nikamwombea magoti yake, nikamuaga. Hakuwa amesema anaumwa magoti. Hakunifuata tena.

Jumamosi nilienda sokoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia, pamoja na fungu. Nilipomwona, ana macho ya Mama kabisa, sijui nimekuwa nikitazama nini miezi hii yote. Nikasema, "Mama mdogo, Peninah wa Mikinduri anakusalimu." Aliweka chini mkungu aliokuwa ameushika. Akaniambia, "Umechukua mwaka mzima kunisalimia." Nikajibu ni kweli. Nilitaka kuongeza sala, nikafunga mdomo, nikakaa juu ya kreti kati ya ndizi na nduma.

Naye akaanza na mwaka wa nzige! Kathure, hawa ni wa tumbo moja. Alisimulia akiuza, akikatizwa na wateja, akirudi nyuma kuanza upya. Nilikaa muda wa saa nne. Watu wa kanisa walipita wakashangaa kumwona mwinjilisti amenyamaza.

Sasa sikia alichokuja kusema pale mlangoni mwaka 1949. Hakuja kutetea ndoa yake. Yeye na mumewe walikuwa wamebarikiwa kanisani Embu mwezi mmoja nyuma. Naye alikuwa ameokoka. Alikuja kumwomba Mama asimame naye, amshike Ngari siku ya kubatizwa, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuomba. Alilisema neno hilo mara tatu huku ule wimbo ukiimbwa. Halafu akarudi Embu, na hakuwahi kumbatiza yule mtoto. Ngari sasa ana miaka ishirini na tano, ni seremala, na hakanyagi kanisani. Anasema hataki dini inayoimbia watu mlangoni.

Nilimuuliza, "Mama mdogo, una neno juu ya Mama?" Akasema, "Ninalo. Nataka kumwambia yeye, si wewe." Nikamuuliza kama salamu zimekubaliwa. Akacheka akanifungashia ndizi za kumpelekea. Tarehe 30 anakuja huko na Ngari. Mimi nina mazishi siku hiyo, na pengine ni heri, nisije nikaomba.

Tangu Jumamosi nafikiria yule kipofu wa kwenye Injili. Bwana Yesu alimwona, alijua ni kipofu, na bado alimuuliza anataka afanyiwe nini, akangoja jibu. Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, siku zote juu ya macho kufunguka. Ile kungoja jibu nilikuwa nairuka. Naona haya, dada, lakini pia najisikia mwepesi, sijui kwa nini.

Mwambie Mama, mwambie leo hii. Hakukataa.

Mutembei

*

Mikinduri,
3 Desemba 1974

Kwa ndugu yangu Mutembei,

Salamu nyingi sana. Ndama anaitwa Rehema, Murithi ndiye aliyempa jina. Murithi anakusalimu, na mahindi yanakusalimu pia, maana mvua haijakoma.

Jumamosi Mama aliamka akafungua mlango wa mbele wote, akauwekea jiwe usijifunge. Mvua ikaanza, maji yakaingia mpaka kwenye mkeka, kuku wakaingia wakakaa juu ya kiti. Nikataka kufunga. Akaniambia, "Gusa mlango huo uone." Basi tukakaa na baridi na kuku mpaka saa saba.

Walipofika, Ngari aliingia, mtu mkubwa, aliinama mlangoni. Mama mdogo hakuingia. Alisimama nje kwenye kizingiti, na mwavuli, pale pale alipokuwa amesimama zamani. Akasema, "Peninah, nilikuwa nimekuja kusema neno."

Mama akasema, "Sema. Niko."

Akasema yote. Lile la ubatizo, na njia ya kurudi, na maziwa yaliyokauka kwa baridi, na miaka iliyofuata. Mengine yalikuwa makali, Mutembei, nilitamani kuingilia nimtetee Mama. Mama hakujitetea. Hakusema hata pole. Alimtazama tu machozi yakimshuka, mpaka mama mdogo akasema, "Nimemaliza." Ndipo Mama akasema, "Nimesikia, Karimi. Nilikukosea," akatoka nje kwenye mvua akamshika. Walilia wakicheka. Nami nililia. Ngari alikuwa anafukuza kuku kwenye kiti ili asionekane.

Jumapili tulienda kanisani sote, hata Ngari, ingawa alisema amekuja kutazama paa tu. Wakati wa sadaka Mama alienda mbele na dada yake, akamwambia Thuranira mbele ya watu wote, "Nimemaliza. Nipe kikapu changu na kuku wangu nivitoe." Thuranira akababaika. Njahi zilikwisha kugawanywa. Na kuku, nilijua tangu siku ile ila sikutaka kukuambia, kuku alipikiwa mhubiri. Wewe ndiye uliyemla, Mutembei, tena ulimsifu.

Thuranira akaona afadhali aseme, "Wacha tuombe." Mama akasema, "Ngoja kwanza, mzee." Akasimulia. Alianzia kwenye nzige, na safari hii kanisa lote lilimngoja. Alipomaliza Thuranira alikuwa ameketi, kofia mikononi. Akasema, "Mama, tulikuja kwako mara tatu na hatukufika." Jina lake halifutwi. Kitambaa anacho kichwani ninapoandika.

Ngari alipokuwa anaaga, Mama alimuuliza kama ni kuchelewa sana kumshika. Akatazama chini, akasema, "Mimi ni mzito, Mama Peninah." Mama akasema, "Nitajitahidi." Kwa hiyo zungumza na mchungaji wako kuhusu tarehe 22. Mama anakuja kwa basi, miguu au si miguu. Na ujue una deni la kuku mmoja mweupe.

Dada yako mwenye furaha,
Kathure

*

Karurumo,
12 Januari 1975

Dada yangu mpendwa Kathure,

Pokea salamu zetu. Mama anakusalimu. Hataki kurudi bado, kila asubuhi wanaenda sokoni wawili na hawauzi chochote kwa sababu ya kuongea. Mama wa Ngari anakusalimu, anamsalimu Murithi, anawasalimu watoto kwa majina yao, na anasema Murithi asiache kukanda ule mguu. Ngari anakusalimu. Siku ya ubatizo Mama alimwekea mkono begani, kwa kuwa hakufika kichwani, naye akapiga magoti ili afike. Ametengeneza benchi jipya, akaliweka mbele kabisa, na Mama na mdogo wake wamekataa kulikalia, wanapenda lile la karibu na mlango. Kanana anakusalimu. Rahema wa leso alipita, anakusalimu. Kuku mweupe nilimtoa hapa madhabahuni siku hiyo hiyo ya ubatizo, na kanisa la huku halikumpikia mhubiri. Watoto wanakusalimu mmoja mmoja. Msalimie mzee Thuranira, na Rehema na mama yake ng'ombe.

Sasa jambo lenyewe. Hakuna. Hizo salamu ndizo barua. Mama na mdogo wake wamekaa hapa pande zangu mbili nikiandika, na wamenifanya nisome kwa sauti tangu juu wahakikishe sijaruka mtu.

Mama anauliza kama salamu zikifika utajibu. Tafadhali jibu.

Ndugu yako,
Mutembei